Kilo Tatu za Kubaki Nazo

Mwanangu Lachlan aliposoma namba pale kwenye mizani ya dampo la mji, alirusha kofia juu. Kilo elfu tatu mia nne na sitini. Karavani yetu, nyumba ya magurudumu ya kuvutwa na gari, inaruhusiwa elfu tatu na mia tano.

"Tumepita, Bron!"

Mkewe Bronwyn aliiandika namba daftarini. Nyumba ya Toowoomba, hapa Australia, tulishaiuza, wanunuzi wangeingia Ijumaa. Kuanzia hapo karavani ndiyo nyumba yetu sisi wanne, pamoja na mjukuu wangu Maeve. Bronwyn alimpangia kila mtu kilo zake. Mimi ishirini, zilizoisha kwa nguo tu.

Chini ya kitanda changu cha karavanini, ndani ya mablanketi, kulikuwa na cherehani ya chuma aliyoninunulia marehemu Clive mwaka tuliooana. Bronwyn niliwahi kumwambia ni mablanketi tu. Tangu Jumapili nilikuwa nikimwomba Mungu msamaha, lakini kuitoa sikuitoa.

Nikachungulia mlangoni mwa karavani. Taa za matangi ya maji zilikuwa nyekundu zote: matupu.

"Lachlan, maji umejaza?"

"Tutajaza njiani, Mama."

"Lita ngapi?"

"Mia na themanini." Kofia ikamshuka mkononi.

"Kilo mia na themanini," alisema Bronwyn. "Tumezidi mia na arobaini."

"Basi tulale kambi za kulipia. Zina bomba."

"Kwa dola hamsini kila usiku? Nimepanga kila wiki siku tano porini bure, mbili kambini. Ukinigeuzia hapo, hela ya nyumba imekwisha kabla ya Krismasi. Na kazi hujapata!"

"Twende hivyo hivyo basi. Nani atatupima?"

"Breki, mteremkoni! Na bima ikijua tulizidisha haitoi hata senti."

Dereva wa lori la taka nyuma yetu alipiga honi. "Jamani, mmehamia hapo hapo juu ya mizani?"

Tukasogea kando. Maeve akasema polepole, "Baba ana friji ya bia chini ya kitanda changu."

"Ee mtoto, wewe!"

Friji ikatoka, na bia zake. Jenereta ikatoka, baiskeli, sufuria nzito za Bronwyn mwenyewe. Vyote tukavipeleka kwenye duka la mitumba la hapo dampo. Tukajaza matangi, tukapima tena.

Elfu tatu mia tano na kumi na moja.

Maeve akaingia ndani, akatoka amekumbatia sanduku la vitabu vyake vya shule. Shule yake ingekuwa humo humo njiani, hana nyingine.

"Hivi vinatosha, Mama?" alimuuliza Bronwyn.

"Rudisha," nilisema. "Kuna kilo kumi na nne chini ya kitanda changu. Cherehani."

Bronwyn alinigeukia. "Mama! Wewe, mtu wa kanisa!"

"Ndiyo maana nasema."

Lachlan aliibeba mwenyewe hadi dukani, akiishika kama alivyokuwa akiishika baba yake.

Elfu tatu mia nne tisini na saba. Bronwyn alifuta neno "mablanketi" daftarini, akaniangalia. "Kuna kingine?"

"Hakuna."

Nilipanda garini na Biblia kubwa ya Clive mapajani. Karavanini, nilikoitoa kabla ya kupima, sikuthubutu kuirudisha: ingekula zile kilo tatu zilizobaki.