Swali la Tatu

Wifi yangu ndiye mkuu wa idara yetu, na kama kuna adhabu kubwa kuliko hiyo mimi sijaiona. Nyumbani ni dada wa mume wangu. Chuoni ndiye anayepanga ratiba yangu, anayehakiki mitihani yangu na anayependekeza mkataba wangu uongezwe au uachwe ufe. Hatupendani. Watu husema mawifi hugombana asubuhi wakacheka jioni. Sisi jioni hiyo hatujawahi kuiona.

Muhula ule matokeo ya uhasibu wa menejimenti yalikuja mabaya kupindukia. Zaidi ya nusu ya darasa langu walifeli, na chuoni kwetu mwalimu aliyefelisha zaidi ya nusu huitwa kwenye kikao cha matokeo, akajieleza amesimama wima huku wenzake wamekaa wanakunywa chai. Hakuna kanuni iliyoandikwa inayosema hivyo. Ni mazoea tu, na mazoea yana sheria. Mimi nilikuwa nimeshasimama muhula uliotangulia. Kusimama mara ya pili, kila mtu alijua, ni kuagwa.

Wifi aliniletea habari hiyo akiwa mlangoni, bila kuingia. Alisema kikao ni Ijumaa, niandae uchambuzi wa swali kwa swali, na nisije na hadithi za wanafunzi wavivu kwa sababu wanafunzi hao hao wanafaulu masomo ya wenzangu. Kisha akavitazama viatu vyangu, kama mtu anayepima kama vitafaa kusimamia, akaenda zake.

Nilikuwa na mengi ya kumjibu, ila hasira yangu ya siku hiyo nilikuwa nimeshaimalizia kwa kiongozi wa darasa. Huyu ni binti mmoja mrefu, mkimya, ambaye hajawahi kushuka chini ya nafasi ya tatu. Alikuwa amekuja kulalamikia swali la tatu. Nilimwambia akasome vizuri kwanza, kulalamika kutafuata, na nikamwonyesha mlango kabla hajamaliza sentensi yake.

Basi nikakaa na kompyuta, nikaingiza alama za kila mwanafunzi, swali moja baada ya jingine. Kazi hii haina uchawi. Swali zuri huwapa alama wanaojua na kuwanyima wasiojua. Ukiyapanga majina kuanzia wa juu hadi wa mkiani, alama nazo zinashuka taratibu. Swali la kwanza lilishuka vizuri. La pili hivyo hivyo, na la nne. La tatu, ambalo ndilo lililobeba alama nyingi, lilikuwa limesimama kichwa chini miguu juu. Vichwa vya darasa, karibu wote, walikuwa wamepata sifuri. Wale wanaokuja darasani kupumzika walikuwa wamepata zote.

Nilidhani nimekosea mistari, nikaingiza upya. Ikawa vile vile. Hapo nikafurahi, kwa sababu nilidhani nimewanasa wezi wa mtihani, na mwizi wa mtihani angenifaa sana Ijumaa. Nikazitoa karatasi za majibu kwenye kabati.

Swali lenyewe nililitunga mimi. Karakana ya samani inaletewa oda ya madawati kwa bei ya chini kuliko kawaida. Ikubali au ikatae? Katika swali langu baadhi ya mashine za karakana zilikuwa zimelala bila kazi, kwa hiyo jibu ni kukubali: bei ile inalipa mbao, misumari na fundi, na kinachobaki kinasaidia kodi ya pango, ambayo italipwa tu hata mashine zikilala. Nimelifundisha hilo mpaka wavivu wamelikariri. Kumbe yule binti alikuwa ameandika kwamba karakana ikatae, kwa kuwa mashine zote zina kazi, na kupokea oda hiyo ni kuwafukuza wateja wanaolipa bei kamili. Hesabu zake zilikuwa safi. Nikajiuliza hizo mashine zenye kazi amezitoa wapi.

Nikachukua karatasi ya mtihani yenyewe, ile iliyochapwa, nikasoma. Mashine zote zina kazi mwaka mzima. Ndivyo ilivyoandikwa.

Nilijua hapo hapo lile ni neno la nani. Wifi alipohakiki mtihani bila shaka aliliona swali jepesi, akabadilisha sentensi moja, akaniletea nakala niidhinishe. Na mimi niliidhinisha, maana nilipoitoa nakala hiyo kwenye faili, sahihi yangu ilikuwa pale chini, kubwa, imejaa majivuno. Tangu awe mkuu, karatasi yoyote iliyotoka kwake nilikuwa naitia sahihi palepale na kuisukuma upande wa pili wa meza, asije akapata raha ya kuniona nayasoma masahihisho yake. Kisha nikasahihisha darasa zima kwa mwongozo wangu wa zamani, unaosema ikubali. Waliosoma swali niliwafelisha. Waliojibu kwa kukariri niliwapa zote.

Nilikwenda ofisini kwake nikiwa na karatasi mkononi, na sitaficha kwamba njiani nilikuwa natabasamu. Kosa lilikuwa langu nusu, lakini nusu nyingine ilikuwa yake, na hiyo nusu ilinitosha. Alisoma mara mbili. Akainuka akafunga mlango. Kisha akakaa na kuzungumza kwa upole, jambo lililonitisha kuliko makelele yake.

Alisema hakuna haja ya kufika mbali. Tutawaongezea wote alama kumi na kusema mtihani ulikuwa mgumu. Wengi watavuka, hakuna atakayesimama, na mkataba wangu ataupendekeza yeye mwenyewe. Nikamwuliza itakuwaje kwa wale waliojibu sawasawa, watakaobaki nyuma ya wavivu. Akasema watafaulu, nataka nini tena?

Nilianza kuikunja karatasi yangu. Nadhani alidhani naringa.

"Wifi, mimi nakuokoa," akasema. "Kaka yangu anakubeba nyumbani, mimi nakubeba hapa. Siku tukichoka sote wawili, utakwenda wapi?"

Niliondoka na karatasi yangu. Usiku mume wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia nikubali yaishe, dada yake ndivyo alivyo na kazi hazipatikani. Ni mtu mwema, mume wangu, na amani ya nyumba anaipenda kuliko chochote. Nilimwambia nimemsikia.

Ningependa kusema kwamba siku ya Ijumaa niliwafikiria wanafunzi. Niliwafikiria, lakini nyuma kabisa. Kilichonisimamisha ni lile neno kubebwa. Nilisimama kabla sijaitwa, chai haijamiminwa, nikawaonyesha jedwali, nikawasomea swali langu kisha swali lililochapwa. Mkuu wa chuo, mzee asiyependa maneno mengi, aliuliza nani aliidhinisha mabadiliko. Wifi hakutikisika. Alisema sahihi iliyopo kwenye nakala si yake.

"Ni yangu," nikasema. "Niliitia bila kusoma, kwa sababu ilitoka kwake."

Mkuu wa chuo akamgeukia wifi, akamwuliza kama baada ya kubadilisha swali aliutazama mwongozo wa kusahihisha. Akajibu kwamba hakuutazama. Mwongozo ulikuwa wangu, na yeye hakuajiriwa kunifanyia kazi zangu. Alipomaliza kusema hivyo nadhani aliyasikia maneno yake mwenyewe, kwa sababu aliinamisha macho.

Hukumu ilikuwa fupi. Matokeo yasitangazwe, swali la tatu lisahihishwe upya na sisi wawili, chumba kimoja, meza moja. Wifi akapewa onyo na akabaki na kiti chake. Mkataba wangu hautaongezwa. Aliyefelisha wanafunzi kwa kutosoma, alisema mkuu wa chuo, hawezi kuwaambia wengine wasome.

Tulisahihisha Jumamosi nzima, kila mmoja na rundo lake, bila salamu. Karatasi ya yule binti iliangukia kwake. Akaisoma taratibu, akaandika alama zote, akahesabu jumla. Alikuwa wa kwanza darasani. Nilisema kwamba huyo ndiye niliyemfukuza ofisini. Wifi hakunicheka, ingawa nilikuwa nimejiandaa kuchekwa.

"Ungeisoma ile nakala yangu," akasema, "si ungenifuata kugombana?"

"Ningekufuata siku ile ile."

"Tungegombana, basi. Ungenishinda au ningekushinda. Na watoto wa watu wangefanya mtihani ulio sawa."

Nilivuta karatasi iliyofuata. Alikuwa amesema kweli tupu, na nilimchukia kwa hilo kuliko kwa yote aliyowahi kunitendea.