Jua Lililorudi Kwenye Bendera

Ilikuwa mwaka 2024, mwezi wa Aprili, mvua zikielekea kwisha. Muungano wa Tanganyika na Zanzibar ulikuwa unatimiza miaka sitini, na sherehe ya kata za milimani na za mwambaoni iliandaliwa Mbamba Bay, kando ya Ziwa Nyasa. Wageni kutoka Malawi walialikwa, kwa kuwa nao wangetimiza miaka sitini ya uhuru mwezi wa Julai mwaka huohuo.

Vikundi vya akina mama vilipewa shindano. Kila kikundi kilipangiwa kwa kura nchi moja jirani. Kilitakiwa kuishona bendera yake, kisha kusimama mbele ya watu na kueleza asili ya jina la nchi hiyo na maana ya rangi zake. Zawadi ya kwanza ilikuwa mashine ya kumenyea kahawa.

Zawadi hiyo ndiyo iliyomtoa Tadea nyumbani kwake katika kata ya Ruanda, milimani kwa Wamatengo wa Mbinga. Kijijini kwao mashine kama hiyo ilikuwa moja tu, mali ya Bartholomayo, ambaye hakumruhusu mtu kuigusa kabla hajamaliza kahawa yake yote. Msimu uliotangulia, kahawa mbivu ya Tadea ilikaa magunia kwa magunia ikisubiri zamu, ikachacha hadi mnunuzi akageuza uso. Tadea, mjane asiyependa kuomba, aliapa kwamba jambo hilo halitatokea tena.

Asubuhi ya safari Bartholomayo aliwakuta Tadea na akina mama wa kikundi chake wakipanda gari.

“Jembe limewashinda, sasa mmekuwa mafundi wa bendera?” aliwatania.

“Tunafuata mashine, Baba Bartholomayo,” Tadea alimjibu.

“Ya kushonea?”

“Ya kumenyea kahawa. Ukitaka zamu kwetu, uje mapema.”

Kura ilikuwa imewapa Malawi. Bendera yao ilishonwa na Restituta, fundi cherehani wa kikundi, kwa kufuata mfano ulioazimwa kwa Salumu, mwenye duka mjini Mbinga, ambaye aliinunua bendera hiyo ng'ambo ya ziwa mwaka 2011. Ilikuwa na mstari mwekundu juu, mweusi katikati, kijani chini, na jua zima jeupe katikati yake. Restituta alishauri watazame pia picha kwenye simu.

“Picha ya nini, na kitambaa chenyewe kilichotoka Malawi ninacho mkononi?” Tadea alimjibu.

Walifika Mbamba Bay mchana, siku moja kabla ya sherehe. Boti ya wageni ilikuwa imekwisha kutia nanga, bendera ikipepea nyuma yake. Restituta aliitazama, kisha akamvuta Tadea mkono.

“Mama Tadea, tazama ile.”

Mstari mweusi ulikuwa juu, mwekundu katikati. Jua lilikuwa jekundu, nalo lilikuwa nusu tu, linachomoza ndani ya weusi.

Tadea alikwenda moja kwa moja hadi kwenye boti, akamsalimu mama mmoja wa makamo na kumwonyesha kitambaa cha Salumu. Mama yule alicheka hadi akajishika mbavu.

“Hii mmeitoa wapi, dada? Hii ilikuwa yetu miaka miwili tu! Serikali ya wakati ule ilibadilisha mwaka 2010. Ilisema jua la kuchomoza ni la nchi inayoanza, sisi tumekwisha kuendelea, kwa hiyo tuweke jua zima. Watu wengi walinung'unika. Mwaka 2012 tukarudishiwa jua letu.”

Tadea alirudi kwa wenzake.

“Kosa ni langu, Restituta. Ulisema tutazame, nikakunyamazisha. Sasa fumua.”

Walikaa barazani kwa Devotha, kiongozi wa kikundi cha Kihagara, kata ya mwambaoni, aliyekuwa amepanga nyumba karibu na ufuko na aliyekuja na cherehani yake. Restituta alikata nyuzi kwa wembe, akaibadilisha mistari nafasi, mweusi ukapanda juu na mwekundu ukashuka katikati. Ilibaki kushona nusu ya jua jekundu, na kitambaa chekundu hakikubaki hata kipande. Maduka yalikuwa yamefungwa, wenyewe wakiwa uwanjani wanafunga maturubai.

Devotha alikuwa anawatazama. Kiunoni alijifunga kitambaa chekundu kipya, alichokinunua kwa ajili ya sherehe.

“Wamatengo wameanguka kabla ya ngoma,” alisema.

“Tucheke baadaye, dada Devotha.”

“Nacheka sasa, kesho nitakuwa nachukua mashine.” Akaanza kukifungua kitambaa. “Lakini wageni hawa ni ndugu zetu. Shangazi yangu aliolewa kwao. Wakiona jua lao limekosewa hapa kwetu, aibu ni ya mwambao mzima. Kata.”

“Nitakulipa kitambaa kingine.”

“Sitaki kitambaa. Sisi tulipata Msumbiji, bendera yenye bunduki, kitabu na jembe. Tumelichora jembe vizuri sana, ila wenye kulijua ni ninyi. Mtakuja kunilimia shamba langu la muhogo siku nzima, kikundi chote. Msiniletee mgonjwa.”

“Tutakuja,” alisema Tadea, na mkasi ukaingia kwenye kitambaa.

Siku ya pili uwanja ulijaa. Kikundi cha kata ya Lundo kilianza kwa Zambia, nchi iliyochukua jina lake kwenye mto Zambezi. Kihagara wakafuata kwa Msumbiji. Devotha alieleza kwamba nchi ile imeitwa kwa jina la kisiwa, nacho kisiwa inasemekana kiliitwa kwa jina la mtu, Musa bin Biki. Alishangiliwa sana.

Kisha Tadea alipanda jukwaani, akakunjua kwanza bendera ya jua jeupe. Wageni walinong'ona. Mzee mmoja wao alisimama.

“Kaa, baba,” Tadea alimwambia kwa heshima. “Najua si yenu. Ya namna hii ndiyo tuliyoishona, tukakosea, na jana tumeifumua. Hii niliyoshika ni mfano uliotupoteza. Nimeileta ili nieleze kosa letu pamoja na historia yenu.”

Mzee akaketi, Tadea akaendelea. Alieleza kwamba nchi ile ilitawaliwa kwa jina la Nyasaland, jina walilolitunga Wazungu waliosikia watu wakisema nyasa, yaani ziwa, wakadhani wamepewa jina la nchi. Wenyewe walipojitawala mwaka 1964 walichagua Malawi, kwa kukumbuka Wamaravi wa zamani, jina ambalo wengi hulifasiri kuwa ndimi za moto. Weusi ni watu wa Afrika, wekundu ni damu ya waliokufa wakidai uhuru, kijani ni ardhi.

“Mwaka 2010 waliambiwa kwamba jua lao limekwisha kupanda. Wakakataa. Mtu anayeishi kwa jembe hujua kwamba asubuhi ndiyo saa ya kazi. Wakadai asubuhi yao, wakarudishiwa!”

Restituta akainua bendera mpya. Nusu ya jua la Devotha iliwaka juu ya weusi. Wageni waliruka, vigelegele vikapanda, na yule mzee aliyesimama kwa hasira sasa alisimama akiimba wimbo wa taifa lake, wote wakasimama naye. Waamuzi walishauriana kwa muda mfupi sana. Kata ya Ruanda ilitajwa ya kwanza.

Gari lilipopanda mlima likiwa na mashine, Bartholomayo alikuwa barabarani. Alivua kofia.

“Mama Tadea, zamu yangu ni ya ngapi?”

“Baada ya wajane, Baba Bartholomayo. Lakini utaipata, na kahawa yako haitachacha.”

Jumamosi iliyofuata, kabla umande haujakauka, akina mama wa Ruanda walishuka Kihagara na majembe. Shamba la Devotha lilikuwa kwenye mteremko, mvua imelichana mifereji. Hawakulima matuta. Walifyeka nyasi, wakazilaza kwa miraba, wakazifunika udongo na kuacha shimo katikati ya kila mraba, kama wanavyolima ngoro kwao milimani.

“Niliomba kulimiwa, sikuomba mashimo ya panya!” alilalamika Devotha.

“Mvua ikija, maji yatalala humo na udongo wako hautakwenda ziwani. Tuletee maji ya kunywa.”

Joto la mwambao liliwakausha koo, lakini hakuna aliyeketi. Jioni mteremko wote ulikuwa umefunikwa kwa miraba, kuanzia juu kwenye miamba hadi chini. Tadea alichimba shimo la mwisho kwa mkono wake, akakung'uta udongo kwenye jembe, akamkabidhi Devotha shamba lake.

“Hesabu, dada.”

Devotha alilizunguka lote kwa miguu, kisha akarudi.

“Mmelipa.”