Uso wa Wayua, Koo la Kalekye

Musembi alipofika kwangu Kanyangi na mkate na sukari, nilijua hajanikumbuka mimi. Amekumbuka santuri.

"Mwaitu, mama yangu Kalekye, hata hujazeeka!"

"Umezeeka kwa niaba yangu," nikamwambia. "Keti."

Kampuni moja ya ng'ambo ilitaka kutoa upya albamu yetu ya jazi, ile ambayo watu mpaka leo huiita "ya Wayua". Wayua ni mke wa Musembi. Yuko kwa jalada, ameshika maikrofoni kama mtu anayekoroga ugali. Nyimbo zote niliimba mimi. Musembi, kwa vile bendi ilikuwa yake, aliamua sauti iwe yangu na jina liwe la bibi yake. Tangu hapo nikiimba harusini, watu hupiga makofi na kusema, "Huyu mama anamuiga Wayua vizuri!" Jaribu wewe kusifiwa kwa kujiiga, uone kama chakula kitashuka.

Sasa kanda za studio zilikuwa zimeoza, na kila nakala waliyopata ilikuwa imekwaruzwa. Walihitaji moja safi watoe sauti humo.

"Nimesikia unayo," Musembi akasema.

Nilikuwa nayo. Ni ile ya majaribio, inayotengenezwa kwanza bendi isikilize kabla ya zingine kutoka. Haina jina, ni karatasi nyeupe tu katikati. Na mwanzoni kabisa kuna maneno ya Kikamba ambayo fundi alikuwa hajayakata. Baadaye aliyakata. Lakini si kwa hii yangu.

Musembi aliiinamisha kwa jua, akaigeuza taratibu kutafuta mikwaruzo. Kusikiliza hangeweza. Gramafoni yake ililiwa na mchwa, na mimi sijawahi kumiliki moja.

"Imechezwa?"

"Mara moja tu, ofisini kwa watu wa studio, wewe ukiwa umeenda kunywa. Chukua, mzee. Mungu akulipe unavyostahili."

Akaitikia, "Amina!" kwa moyo wote.

Uzinduzi ulifanyika Tawa, siku ya soko, na watu wakajaa ukumbini mpaka madirishani. Musembi alikuwa na suti. Wayua alikaa kando yake kama anayeumwa na jino. Mzungu wa kampuni akasema kwamba kilichomgusa zaidi ni lile shairi la mwanzo, na kwamba mafundi wake walilisafisha mpaka likang'aa. Musembi akatabasamu, lakini niliona macho yake yakiuliza: shairi gani?

Sindano ikashuka.

"Musembi," sauti yangu ya usichana ikaita kwa Kikamba, "anayeimba ni mimi, Kalekye wa Musyimi. Mbona umeleta picha ya Wayua? Kwani picha itaimba?"

Halafu Musembi mwenyewe, kijana, akicheka: "Wewe imba tu. Uso wako hauuzi."

Saksafoni iliingia bila kusikilizwa na mtu. Ukumbi ulikuwa umelipuka.

"Zima hiyo kitu!" Musembi akafoka.

"Rudisha mwanzo!" watu wa Tawa wakafoka zaidi. Mwenye mitambo akaona walio wengi ni akina nani, akarudisha. Mara ya pili waliisema pamoja na Musembi wa kwenye santuri, ukumbi mzima: "Uso wako hauuzi!" Sijawahi kusikia kwaya tamu hivyo.

Wayua akasimama. Nikajikaza, nikijua nitatukanwa.

"Kila Jumapili wakiniomba niimbe kanisani nasema nina mafua," akasema. "Nimekuwa na mafua tangu niolewe. Leo nimepona."

Musembi akanijia, jasho likimtiririka. "Kalekye, si ungeniambia tu? Tungerekebisha kama watu wazima."

"Nilikuambia. Si umejisikia ukinijibu?"

Watu walikuwa wamepanga foleni na santuri mpya mikononi, wakitaka niziandike jina langu. Nikaangalia lile jalada, limejaa uso tu.

"Niandike wapi?" nikamuuliza Wayua.

"Kwa shingo," akasema. "Huko ndiko sauti hutoka."

Jalada la kwanza likateleza mezani. Nikamwita Musembi alishike nikiandika, lisitikisike. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, watu wote wakimwangalia yeye. Akashika.

Foleni ilifika nje. Na mimi huandika polepole sana.