Harufu ya Zabibu Wodini

Wodi yetu ina ugonjwa wake ambao haupimwi: mgonjwa asiyetundikiwa chupa ya dripu huonekana ametupwa. Ndugu wakija kuona wagonjwa hawamtazami mtu wao usoni kwanza, wanatazama juu, kwenye ndoano. Wakikuta chupa wanakaa na kupiga soga. Wakikuta ndoano tupu wananijia mimi, muuguzi, kana kwamba hiyo chupa nimeinywa mwenyewe.

Daktari wetu ni mtu mwema, na balaa lilianzia hapohapo. Hajui kusema hapana. Wauguzi tulimbandika jina la Daktari Ongeza, maana kila faili analolishika lazima aongeze kitu. Msimu wa mafua makali wodi ilijaa wagonjwa wa kifua, na vipimo vyao karibu vyote vilitoa jibu moja: virusi. Antibayotiki haiui virusi, na hilo daktari angeweza kukuambia akiwa usingizini. Lakini ndoano tupu zilimtia haya, akawatundikia wote antibayotiki.

"Tuongeze tu," alikuwa akisema, "roho zitulie."

Mmoja wa wagonjwa hao alikuwa baba yangu. Aliletwa akihema juu juu, tukamwekea oksijeni, akaanza kupata nafuu. Alipoanza kunitania kwamba viatu vyangu vinapiga kelele kuliko wagonjwa wote, nikajua anapona. Kipimo chake kilikuwa virusi peke yake, kwa hiyo nilimwomba daktari asimtundikie kitu, naye akakubali. Ndipo akaingia shangazi, dada mkubwa wa baba, mwanamke ambaye akikohoa tu ukoo mzima unakaa sawa. Akatazama ndoano.

"Wenzake wote wana dawa," alisema. "Ndugu yangu amekosa nini?"

"Shangazi, ile dawa si ya ugonjwa wake."

"Mimi nimekubeba mgongoni, leo unanifundisha dawa? Daktari, ongeza."

Daktari alinitazama, akamtazama shangazi, akaongeza. Niliitundika chupa ile kwa mkono wangu, nimevimba kwa hasira, na baba akanikonyeza nisigombane na mkubwa.

Haukupita muda, mgonjwa wa kitanda cha dirishani, mzee fundi saa, aliuliza, "Nani kaleta zabibu?"

Hakuna aliyeleta. Nilitazama kwenye kabati lake na chini ya kitanda, nikakuta ndara tu. Lakini harufu hata mimi niliisikia, tamu na nzito, ya tunda lililoiva kupita kiasi. Nilifungua madirisha, haikutoka. Kesho yake fundi saa alikuwa anakohoa makohozi ya kijani, homa imempanda, na dawa tulizompa zilikuwa sawa na kumpa chai. Alikufa mchana, mkewe ametoka kidogo kwenda kununua sabuni.

Harufu haikuondoka naye. Ilihamia kitanda cha jirani, na huko nako ikamaliza kazi yake. Nilianza kuingia wodini nikinusa kabla ya kusalimia. Nikasema wodi ifungwe, nikaulizwa wagonjwa wote hawa tuwapeleke wapi. Niliogopa, sifichi.

Asubuhi moja mtu wa maabara aliniita. Alikuwa ameotesha makohozi ya fundi saa kwenye kisahani, na juu yake amepanga vijikaratasi vyenye dawa, kila kimoja na dawa yake. Kwa kawaida kila kijikaratasi huzungukwa na duara safi, mahali bakteria walipokufa. Kwenye kisahani kile hapakuwa na duara hata moja. Utando wa kijani ulikuwa umetambaa hadi kwenye karatasi, ukazipanda. Alifunua kifuniko kidogo tu, na harufu ya zabibu ikajaa chumba.

"Hawa wamezoea kila dawa tuliyo nayo," alisema. "Wale dhaifu tumewaua wenyewe kwa dripu zetu, tukawaachia hawa nyumba nzima."

Nilirudi wodini mbio. Baba alikuwa amesharuhusiwa, amevaa shati lake la kutokea, shangazi anamfunga vifungo. Sikutaka jingine ila watoke.

"Baba, twende. Vifungo mtafunga nje."

Alikohoa. Kisha akainua uso, akavuta hewa taratibu, akatabasamu.

"Mwanangu, nani kaleta zabibu?"

Nilishika ukingo wa kitanda. Shangazi alicheka, akasema mtu akianza kutamani matunda ndiyo amepona. Kabla jua halijazama homa ilikuwa imepanda, na lile shati tukalivua tena.

Daktari Ongeza alikuja akasimama chini ya ndoano, faili mkononi, hajalifungua. Alikuwa ameshakiona kisahani.

"Daktari, ongeza," shangazi alisema. Safari hii alikuwa anaomba.

Daktari aliweka faili kitandani. Akaenda kabatini, akarudi na chupa ya maji ya chumvi, haina dawa yoyote ndani, akaitundika mwenyewe. Hakunitazama.

Shangazi alitazama juu, akashusha pumzi, akavuta kiti karibu na kumshika baba mkono.

"Tulia sasa, ndugu yangu," alimwambia. "Wameshakuwekea."