Mdomo wa Tangi

Kanisa lilipopitisha shauri la kujenga tangi la maji chini ya ua, hakuna aliyeuliza kazi apewe nani. Mwashi alikuwa mmoja, mzee wa kanisa, naye aliitwa Pipa tangu shule ya Jumapili. Jina lilimkaa. Wakorofi walisema akigeuka njiani, kivuli chake huhitaji nafasi ya kugeuzia kama lori. Seremala wake aliitwa Rula, mrefu na mwembamba, mtu ambaye akisimama kiubavu inabidi umtafute. Walifanya kazi pamoja tangu ndevu hazijaota: Rula akipiga mbao, Pipa akimwaga zege, Pipa akisema, Rula akiitika. Walipogombana, aligomba Pipa peke yake.

Pipa alikuwa mwombaji, hilo hata adui yake asingelikana. Ila alimwomba Mungu kama anayempangia kibarua kazi. Alimweleza mgonjwa yupi aanze kupona, mvua inyeshe upande gani wa barabara, na mkwewe ahamishiwe kituo gani. Katika sala ya pamoja, palipotajwa mapenzi ya Mungu, alipapita mbio kama mtu apitaye langoni kwenye mbwa mkali. Rula aliwahi kumuuliza kama iko siku atamwachia Mungu naye aseme neno. Akajibiwa kwamba Mungu humpenda mtu anayejua anachotaka.

Tangi lilitakiwa kubarikiwa Jumapili. Rula alishauri dari ya zege ikae kwanza na nguzo zake, maana bado ilikuwa changa. Pipa akasema zege halilelewi kama mtoto. Nguzo zilikuwa za kukodi. Zikang'olewa, zikarudishwa kwa mwenyewe, na Jumamosi asubuhi Pipa akashuka ngazi kupitia mdomo wa tangi, tundu la mviringo lenye kumtosha kama kiatu kipya kinavyotosha mguu uliovimba.

Kule ndani alitazama juu, akaona ukingo wa tundu una makovu ya mbao zilizoshikilia zege. Nani angeyaona? Hakuna, labda chura. Lakini Pipa hakuwa mtu wa kuacha kovu. Alikuwa na saruji ile ya kukauka haraka, basi akaupiga ukingo lipu kuzunguka pande zote, unene wa kidole gumba, akaulainisha kwa mwiko mpaka ukawa kama mdomo wa kikombe. Akajipongeza. Akaziba vitundu vya kuta, akaosha mwiko, akapanda atoke.

Mikono ikatoka, kichwa kikatoka, kifua kikagoma. Tumbo halikupata hata zamu ya kujaribu.

Alirudi chini, akapanda tena kwa hasira. Safari hii alikaza viwiko juu ya zege, akajivuta kwa nguvu zote, na hapo akasikia sauti ndogo kama ya mtu anayevunja biskuti kavu. Mchanga ukamwagika ndani. Akateremka polepole, akawasha tochi. Ufa ulikuwa umetoka mdomoni ukaelekea kwenye kona, na alipokuwa akiutazama ukasogea kidogo, kama mdudu anayejua anakokwenda.

Kwa mara ya kwanza Pipa aliuona ukubwa wa chumba alichokijenga. Kuta nne, sakafu, dari; hakuna dirisha, maana maji hayahitaji dirisha. Mwanga ulikuwa duara moja, na duara hilo lilikuwa dogo kuliko yeye.

Alikuja Rula, amebeba mfuniko alioutengeneza, akauona umekuwa mkubwa kwa tundu lake. Akachungulia. Pipa akamtupia maagizo mfululizo: leta nyundo, usilete nyundo, ukigonga dari itanishukia, kodi nguzo upya, nguzo hazitawahi, ita watu, usiite watu wasije kukanyaga. La mwisho lilikuwa limefuta la kwanza. Rula aliyasikiliza yote, kisha akaondoka bila kuahidi hata moja.

Alirudi na mbao mbili ndefu akazilaza juu ya tangi kutoka ukuta hadi ukuta, zege lisibebe uzito. Alikuja pia na kamba, ndoo ya maji ya sabuni, mchungaji, na mke wa Pipa aliyekuwa kanisani akipanga viti. Mchungaji alianza sala ndefu. Mama huyo akamwomba aifupishe, na yaliyobaki ayamalizie akiwa ameshika kamba. Kisha akainama tunduni.

"Baba watoto, nilikuambia sahani ya pili si amri ya Mungu," alisema.

Mara duara la mwanga likaziba. Zilishuka soli za viatu, halafu miguu ya Rula, halafu Rula mzima.

"Toka," Pipa akamwambia. "Hii dari inashuka."

"Nimeiona."

"Una wajukuu, wewe."

"Na wewe unao. Vua shati."

Akampaka sabuni kifuani na mgongoni kama mama anayeogesha mtoto mkaidi, huku akimweleza. Akipanda mwenyewe anavuta pumzi, kifua kinajaa, viwiko vinakandamiza zege. Kwa hiyo hatapanda.

"Nitapanda mimi, nimekubeba mabegani. Wewe ni mzigo. Inua mikono, toa pumzi yote, halafu usifanye kitu."

"Na nikikwama sina pumzi?"

"Tundu ni moja, ndugu yangu. Ukikwama, tumekwama wote."

Walijaribu. Kamba ikakazwa, Rula akapanda kipandio kimoja, kifua cha Pipa kikaingia mdomoni. Pumzi zilipomwishia hofu ikamshika, viwiko vikajikaza venyewe. Biskuti ikavunjika tena. Kipande cha zege kilianguka, na chini yake akasikia mtu anaguna.

Waliposhuka, damu ilikuwa ikimtiririka Rula kutoka sikioni hadi kwenye kola.

"Umenisaidia," Rula alisema. "Usinisaidie tena."

Pipa akainama aombe. Akaanza kama kawaida yake: Bwana, shikilia upande wa kushoto, halafu... Halafu nini? Kila alichojua kupanga alikuwa amekipanga, na ndicho hiki kilichowafungia. Alimtazama mwenzake anayejifuta damu kwa kiganja, mtu aliyekuwa nje kwenye jua na akachagua kuingia. Kifuani kukalegea kitu ambacho hakikuwa mbavu.

"Bwana, sina la kukwambia," akasema. "Fanya utakavyo. Niko hapa."

Aliinua mikono, yeye ambaye kanisani alikuwa akiikunja, akatoa pumzi mpaka tone la mwisho, akawa gunia. Mabega ya Rula yakamwinua. Saruji yake nzuri ikamshika pande zote, ikamchuna. Giza likaja machoni, mapafu yakapiga kelele, na viwiko vikamwomba ruhusa. Hakuvipa. Alijiacha hapo, katikati, si wa ndani wala wa nje, muda ambao mkewe alisema baadaye ulimzeesha.

Kisha upepo ukamwingia kama maji.

Wakamvuta mpaka nyasini, amechunika kama muhogo uliomenywa. Lakini chini kulikuwa kimya. Pipa akatambaa kurudi juu ya ubao, akalala kifudifudi, akaingiza mkono tunduni hadi kwapani. Mkewe akamwambia atoe huo mkono, amwache shemeji apande ngazi kwa nafasi. Hakuutoa. Baada ya kitambo ukashikwa na mkono unaoteleza kwa sabuni na damu.

"Usivute," Rula akasema kutoka gizani. "Dari."

"Sivuti," Pipa akajibu. "Nimeshika tu."