Ubeti Mmoja wa Baba

Shangazi yangu, mwenyekiti wa kwaya, alianza kuzipenda ala za nyuzi siku alipoona kanisa la jirani limeleta fidla. Kabla ya hapo udi wa kaka yake, yaani baba yangu, aliuita kibuyu. Ghafla kibuyu kikawa hazina ya ukoo.

"Mwanangu, wewe umesomea muziki," akaniambia. "Zipange zile nyimbo za Krismasi za zamani kwa udi. Kaka apige ubeti mzima peke yake. Watu walie."

Baba, fundi viatu mstaafu, alibadilisha nyuzi, akaanza kufanya mazoezi hata kabla ya chai ya asubuhi. Tangu vidole vianze kukakamaa alikuwa na hamu moja tu: ubeti mmoja mbele za watu, kabla havijagoma kabisa.

Nikapanga. Kuupanga wimbo wa sauti nne kwa udi ni kama kuhamishia familia kubwa kwenye chumba kimoja: lazima uamue nani alale kitandani na nani abaki mlangoni. Sauti ya kwanza niliipa nyuzi nyembamba, besi nikaiachia nyuzi nene zivume zenyewe, na wale wa katikati nikawaomba radhi.

Mazoezi ya kwanza, Shangazi alifuta machozi. Ya pili, akafuta nusu ya ubeti.

"Sauti ya pili wanalalamika wanasimama tu kama nguzo. Kaka, nusu inatosha, eti?"

"Inatosha," Baba akasema.

Kisha mpiga kinanda, mtu anayeamini kwamba kila kitufe kiliumbwa kibonyezwe, akaomba aingie na sauti ya filimbi, ya kengele, na ya kitu alichokiita malaika. Udi ukabakiwa na mstari mmoja. Halafu noti mbili, za kuwapa waimbaji pa kuanzia.

"Lakini ni noti muhimu!" Shangazi akanifariji. "Bila hizo hatuanzi."

"Hata mbuzi huambiwa hivyo siku ya karamu."

"Mdomo huo hukuurithi kwetu!"

"Niliurithi kwako, Shangazi."

Baba alikuwa akiuvingirisha udi kwenye shuka lake. "Mwache dada yangu. Noti mbili zinatosha."

Siku yenyewe kanisa lilifurika. Shangazi akainua mikono kama anayezuia mafuriko. Baba akafumba macho, akapeleka kidole mbali kabisa kwenye uzi mwembamba kuliko wote, mahali ambapo mpango wangu haukuwahi kufika, akapiga noti zake mbili.

Kwaya ya Shangazi ina nidhamu ya jeshi: ukiipa noti inaipokea, haihoji. Mstari wa kwanza ulitoka kama wa watu waliokanyaga misumari. Wimbo ulipopanda, sauti ya kwanza wakapanda nao, wakafika juu ya ngazi, wakakuta hakuna ukuta. Wakadondoka mmoja mmoja. Besi walipiga yowe la kistaarabu, wakanyamaza. Kinanda kikaingia na malaika wake katika ufunguo wa mazoezini, kile kimo cha chini walichokizoea wote, kikagongana na walionusurika, kikajiondoa. Mikono ya Shangazi ikabaki hewani.

Ndipo Baba akashuka taratibu hadi kwenye nyuzi nene, akapiga ubeti mzima, kila noti niliyoipanga. Kidole kimoja kilichelewa. Akakingoja, kama unavyomngoja mzee avuke barabara. Hakuna aliyekohoa.

Nje, waumini walimzunguka Shangazi.

"Mama mwenyekiti, kile kimya kabla ya udi! Mlikifikiriaje?"

"Ah," akasema Shangazi akirekebisha joho lake, "kilitutoa jasho mazoezini."

Walipoondoka akamvuta Baba pembeni. "Kaka, zile noti ulizitoa wapi?"

"Uzee, dada yangu. Masikio."

Baba, anayesikia sufuria ikifunuliwa chumba cha tatu, akanipa udi nimbebee. Njia nzima alikuwa akikanda vidole vyake na kupiga mluzi wimbo ule ule, katika ufunguo sahihi kabisa.