Ukurasa wa Kumi na Mbili

Jumanne saa nne asubuhi Gaudensia alikuwa bandani kwake Makoko, anajaza maganda ya pamba yaliyochemshwa kwenye mifuko ya nailoni na kunyunyiza mbegu za uyoga wa aina ya mamama tabaka kwa tabaka, alipoletewa kijitabu. Aliyekileta ni Safina, katibu wa Jukwaa la Wadau wa Uyoga, lenye ofisi Iringo, juu ya duka la vitenge.

"Shikamoo mama. Dokta kasema nawe upate nakala."

"Marahaba. Nifungulie, mikono yangu michafu."

Ukurasa wa kwanza ulikuwa na orodha ya Watu Ishirini Wenye Ushawishi Katika Uyoga. Wa kwanza ni Dokta Paschal, mwenyekiti wa Jukwaa. Wa nne ni bwana mmoja aliyewahi kula uyoga mara moja hotelini Mwanza, akausifu sana. Gaudensia, aliyefundisha kina mama mia tatu kulima uyoga kuanzia Makoko hadi Kisorya, hakuwemo. Hilo hakulijali. Nabii hana heshima kwao, na yeye hata unabii hakuutaka.

Kilichomfanya aangushe mfuko ni ukurasa wa kumi na mbili. Palikuwa na picha ya uyoga mweupe, una pete shingoni na kikombe mguuni, umefungwa kitambaa chekundu. Chini yake wameandika: *Salama kwa chakula. Daraja la kwanza.*

Uyoga ule aliufunga yeye mwenyewe. Marehemu mama yake alikuwa na desturi hiyo: akiokota uyoga unaoua, anaufunga kitambaa chekundu na kuuning'iniza mlangoni wiki nzima, watoto waijue sura yake, kisha anautupa chooni. Gaudensia naye akafundisha hivyo hivyo. Mwezi wa tatu mpiga picha wa Dokta alikuja kwake, mwenyewe akiwa sokoni, akapiga kila alichokiona, hakuuliza mtu. Alipoona utepe mwekundu akadhani uyoga umeshinda maonyesho. Loo! Watu wa ofisini utepe mwekundu wanaujulia kwenye sherehe tu.

Alikwenda Iringo na nguo zile zile za bandani. Dokta Paschal alimpa kiti na soda.

"Dokta, huo unaua. Nilikuwaga nauonyesha ili wauogope."

"Mama, kijitabu kimepitiwa na wataalamu watano. Wewe una andiko lolote?"

"Nina mlango nilipouning'iniza."

Dokta aliandika neno *mlango* kwenye daftari lake, akaahidi suala litaangaliwa toleo la pili. Nakala elfu nne zilikuwa zimeshafika Musoma, Bunda na Butiama.

Mvua za vuli zilipoanza, ukurasa wa kumi na mbili ukaota. Jioni karatasi ilituna kidogo kwenye ile picha, na kulipokucha uyoga ulikuwa umesimama, mpana kama kisahani cha chai, na kitambaa chake chekundu shingoni, kwa fundo lile lile la Gaudensia. Kurasa nyingine hazikuota. Kwenye kivuko cha Kisorya abiria waliweka vijitabu mapajani wakiwa wamevifungua, uyoga usibonyee. Pale Iringo Safina alifagia ofisi mara mbili kwa siku.

Jukwaa lilikaa kikao siku mbili, chai na chapati. Gaudensia aliwasubiri kwenye ngazi. Mwishowe alitoka Safina na karatasi, akamsomea: kijitabu kihifadhiwe mahali pakavu, na kuota kwake ni ushahidi kwamba elimu imepokelewa vizuri na jamii.

"Na ule unaoota, wasiule?"

"Hilo halikuwemo kwenye ajenda, mama."

Basi akanunua wembe, akapanda gari kwenda Butiama kwa kaka yake Isidori, mwalimu mstaafu. Kilichokuwa kimemkaba roho muda wote ni Isidori. Kaka yule aliheshimu maandishi kuliko watu. Hata maelezo kwenye pakiti ya chumvi aliyasoma yote kabla ya kuifungua. Alimkuta amekaa barazani, kijitabu kimefunguliwa pembeni, uyoga ndio kwanza unachomoza.

"Kaka, kitambaa hiki unakijua. Mama alikuwa anatuonyesha."

"Mama hakusoma, Gaude. Mungu amrehemu. Hiki kina muhuri."

Gaudensia aliukata ule ukurasa mbele yake, akautupa chooni. Isidori hakugomba. Alimsindikiza hadi stendi, akamnunulia maji ya safari. Kisha akapitia shule aliyokuwa anafundisha, wakampa nakala nyingine.

Uyoga wake aliula Jumapili mchana, kwa ugali. Usiku kucha akatapika na kuhara. Siku ya tatu akapata nafuu, akampigia dada yake simu akicheka.

"Unaona sasa? Lilikuwa tumbo tu. Nimekunywa na uji."

Gaudensia alilia kwenye simu, na Isidori akamuuliza analia nini. Mama yao alishawaambia: ukila ule, nafuu inakuja kukuaga. Siku ya tano Isidori akafa.

Walimzika Jumamosi, mvua inanyesha. Dokta Paschal alikuja na gari la Jukwaa, akaongea vizuri sana mpaka wazee wakatikisa vichwa. Akatangaza kwamba marehemu, kwa imani yake kwa elimu, ameingizwa kwenye orodha, nafasi ya kumi na tisa. Watu wakapiga makofi kidogo, maana ilikuwa msibani. Kisha makatoni ya toleo la pili yakashushwa turubaini. Picha ilikuwa ile ile. Chini walikuwa wameongeza: *Uvunwe asubuhi.*

Gaudensia alilisoma neno hilo mara mbili. Hasira ilimpanda hadi masikio yakaziba. Akavua kitambaa chekundu alichojifunga kichwani, akakichana vipande, akakaa kwenye kigoda karibu na makatoni, akaanza kufunga vijitabu kimoja kimoja, mafundo matatu matatu, visifunguke, na mwenye kujua aogope. Hakuna aliyemzuia.

Alipofika cha kumi na moja akainua macho. Foleni ilikuwa imeshatoka nje ya turubai. Wa mbele alikuwa Hyasinta, jirani wa marehemu, kakumbatia kijitabu kisichofungwa.

"Pole na msiba, mama," akasema, akakinyoosha. "Na changu nifungie. Nisije nikabaki na cha daraja la pili."